Kufufua plau kuukuu ya maksai kwa ajili ya kuvunja shamba jipya

Katika vijiji vya Usukuma, Rukwa, Mbeya na Mara si vigumu kukuta plau ya kukokotwa na maksai imeegemezwa nyuma ya ghala, imeshika kutu, gurudumu halizunguki na ulimi umelika hadi karibu na bolti. Nyingi ni kazi ya kiwanda cha zana za kilimo cha UFI (Ubungo Farm Implements) cha Ubungo, Dar es Salaam, na chache ni za zamani zaidi, za kampuni ya Ransomes ya Ipswich, Uingereza, ambazo bado zinaonyesha maandishi yaliyochongwa katika chuma. Wenyewe huziona kuwa zimekufa kwa sababu mara ya mwisho zilipotumika ng'ombe walichoka mapema na udongo haukugeuka vizuri. Kwa kweli chuma cha plau hizo mara nyingi bado ni kizima. Kilichopotea ni umbo: milimita chache za pembe chini ya ulimi na ubavuni mwa bamba, ambazo ndizo huifanya plau iingie ardhini yenyewe bila kusukumwa. Mtu anayeipaka plau rangi mpya na kuacha umbo hilo lilivyo atakuwa na plau nzuri kwa macho, lakini shambani atateseka nayo, na atateseka maradufu ikiwa shamba lenyewe halijawahi kulimwa.

Maelezo haya yanamhusu mkulima mwenye plau ya ulimi mmoja, inayopindulia udongo upande wa kulia, yenye upana wa kukata wa karibu sentimita 23, nayo ndiyo plau ya kawaida kwetu. Ili tuelewane, nitaita ulimi kile kipande chenye makali kinachokata udongo kwa chini, ambacho wengi hukiita shea. Bawa ni lile bati nene lililopinda linaloinua udongo na kuupindua. Bamba la ubavu ni chuma kirefu kinachoteleza kwenye ukuta wa ardhi ambayo haijalimwa, na mwisho wake wa nyuma ni kisigino. Vyote hivyo vimefungwa kwa bolti kwenye kitako cha plau, nacho kimefungwa kwenye boriti. Mbele ya boriti kuna kirekebishi, yaani chuma chenye matundu au meno ambako mnyororo hufungwa.

Kuikagua kabla ya kutumia fedha

Usianze kuisugua plau kabla hujajua kama inafaa kufufuliwa. Iweke juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, kisha usimame nyuma yake na kuitazama boriti kama mtu anayekagua unyoofu wa mbao. Boriti ya chuma huwa na mpindo wa kawaida kwenda juu na chini, lakini haitakiwi kupinda kwenda kushoto au kulia. Iliyopinda kidogo ubavuni inaweza kunyooshwa na fundi mwenye moto wa kutosha na fuawe nzito, ilhali ile iliyojikunja kama bawaba baada ya kugonga kisiki huwa imeshadhoofika palipokunjika, na hata ikinyooshwa itarudi kupinda mahali palepale.

Baada ya boriti, kikague kitako, nacho ndicho cha kuangaliwa kwa makini kuliko vyote. Kifute, ukimwagie mafuta taa kidogo, ukipanguse kikauke, halafu ukipake vumbi la chokaa au unga wa muhogo. Penye ufa mafuta yatajitokeza tena na kuchora mstari juu ya unga. Kitako kilichofuliwa kwa chuma cha pua kikiwa na ufa mdogo kinaweza kuchomelewa. Kilichomiminwa kwa chuma cha kalibu ni tabu, kwa sababu chuma hicho huchomelewa kwa vijiti maalumu vyenye nikeli, baada ya kupashwa moto chote na kuachwa kipoe polepole sana, la sivyo hupasuka upya kando ya mshono. Ikiwa fundi wa karibu nawe hana uzoefu wa kazi hiyo, ni afadhali kutafuta kitako kingine kutoka kwenye plau iliyokatika boriti. Plau mbili mbovu zinazofanana huweza kutoa plau moja nzuri, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ninazozijua.

Mwisho gonga bawa kwa nyundo ndogo sehemu mbalimbali na usikilize. Chuma kinene hutoa mlio wa wazi, na palipokonda mlio hubadilika. Sehemu inayokonda mapema ni ule ukingo wa mbele unaopasua udongo, juu kidogo ya ulimi. Ukingo huo ukiwa mwembamba lakini haujatoboka, bawa bado lina misimu mbele yake.

Kuifungua bila kuivunja

Plau iliyokaa miaka kwenye mvua haifunguki kwa nguvu za mikono. Sugua kutu ya juu kwa brashi ya waya hadi uone nyuzi za bolti, kisha upake mchanganyiko wa dizeli na oili chafu ya injini, uache usiku kucha, upake tena kesho yake, na urudie kwa siku kadhaa huku ukigonga kichwa cha bolti taratibu ili mafuta yapenye. Haraka katika hatua hii hukata bolti ndani ya tundu, na kutoboa bolti iliyokatika ndani ya chuma kigumu ni kazi ya keekee nzuri na subira nyingi.

Nati ambayo bado imekataa ipashwe moto peke yake hadi iwe nyekundu, iachwe ipoe kidogo, kisha ijaribiwe kwa spana ndefu. Kutanuka na kusinyaa kwa chuma huivunja kutu iliyoishikilia. Kabla ya kupasha moto futa dizeli yote kwa kitambaa, ondoa chombo cha mafuta karibu, na usielekeze moto kwenye bawa wala kwenye ulimi, kwa kuwa vyuma hivyo viwili vilifanywa vigumu kiwandani na joto kali hulainisha ugumu huo. Ikibidi, kata nati kwa tindo au msumeno wa chuma. Bolti ni rahisi kununua kuliko bawa.

Bolti za plau zina umbo lake: kichwa ni bapa, kimezama ndani ya tundu lililopanuliwa kwa juu, na chini ya kichwa kuna shingo ya mraba inayozuia bolti kuzunguka. Zikikosekana dukani, mhunzi huweza kuzifua. Bolti ya kawaida yenye kichwa kilichojitokeza juu ya bawa haifai kabisa, kwa sababu udongo hunasa hapo, hujijenga, na baada ya hatua chache bawa zima hufunikwa na tope lisiloteleza.

Ulimi

Kazi ya kufufua plau, kwa maoni yangu, ni kazi ya ulimi kwa zaidi ya nusu, na mkulima mwenye fedha kidogo azitumie hapa kabla ya mahali pengine popote.

Kwanza ujue ni chuma gani. Uguse ukingo wake kwa grenda na utazame cheche. Cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka kama nyota ni za chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, ambacho kinaweza kufuliwa kwa nyundo na kufanywa kigumu tena. Cheche fupi na nyekundu iliyofifia ni za chuma cha kalibu, ambacho hakifuliwi: ukikipiga nyundo kinavunjika, nacho kikiisha hakina tiba isipokuwa kununua kingine. Vaa miwani ya kukinga macho wakati wa jaribio hili na kila mara grenda inapowashwa.

Ulimi wa chuma cha pua uliolika ncha, lakini bado una upana wa kutosha, hupelekwa kwa mhunzi. Hupashwa moto hadi rangi ya chungwa, kisha hufuliwa kuanzia nyuma kwenda mbele ili chuma kivutwe kuelekea ncha, na ncha ielekezwe chini kidogo na kidogo upande wa ardhi isiyolimwa. Chuma kisipigwe kikishafifia na kuwa chekundu cheusi, kwa sababu hapo huanza kupata nyufa ndogo zisizoonekana. Rudisha motoni, hata ikibidi mara nyingi. Makali yatolewe kwa kufua na kusawazishwa kwa tupa au grenda upande wa juu pekee, huku upande wa chini ukibaki bapa.

Ikiwa ulimi umeisha kabisa, springi ya gari kubwa ndiyo mali ghafi ambayo wahunzi wetu wameitumia kwa miaka mingi, nao wana haki ya kuipenda: ni chuma kigumu, kinastahimili kugongwa na mawe, na hupatikana kwenye kila gereji ya malori. Chagua jani la springi lisilo na ufa, lenye unene wa karibu milimita 8 hadi 10. Ulimi wa zamani, hata ukiwa mbovu kiasi gani, usiutupe kabla ya huu mpya kukamilika, kwa kuwa ndio kielelezo cha matundu, pembe na urefu. Hasa pembe inayouunganisha ulimi na bawa lazima inakiliwe kwa uaminifu.

Baada ya kufua huja kuimarisha. Ulimi hupashwa moto sawasawa hadi sumaku isishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, huongezwa moto kidogo kupita hapo, kisha huzamishwa katika oili iliyopashwa joto kidogo, ukitangulia kwa makali. Maji yasitumike kwa chuma cha springi, maana hukipoza ghafla mno na kukipasua. Wakati huo ulimi huwa mgumu lakini wenye kukatika kama kioo, hivyo ni lazima ulegezwe: sugua sehemu ndogo ing'ae, upashe moto upande wa nyuma polepole, na utazame rangi zinavyotembea juu ya chuma kutoka manjano kwenda kahawia, zambarau na hatimaye buluu. Kwa ardhi mpya yenye visiki na mawe nashauri makali yafikie buluu, ambayo hutokea karibu na nyuzi 300. Ulimi uliolegezwa hadi manjano tu utakaa na makali muda mrefu zaidi kwenye mchanga, lakini utavunjika kwenye mzizi wa kwanza mnene.

Kuna wanaochomelea kipande cha springi chini ya ncha iliyolika badala ya kufua upya. Njia hii inakubalika ikiwa fundi atapasha moto vyuma vyote viwili kabla ya kuchomelea, atatumia vijiti vikavu vinavyofaa chuma chenye kaboni nyingi, na ataacha kazi ipoe yenyewe ndani ya majivu. Ulimi uliochomelewa na kumwagiwa maji papo hapo huonekana sawa gereji na huacha ncha yake shambani.

Bawa na bamba la ubavu

Bawa lisirekebishwe zaidi ya inavyolazimu. Kutu inayotoka kwa brashi na msasa itolewe hadi chuma king'ae. Vishimo vidogo vilivyobaki visijazwe kwa gundi wala rangi, maana udongo utavitoa siku ya kwanza. Ukingo wa mbele uliotoboka huweza kuwekewa kiraka cha bati la milimita 4 kwa nyuma, kwa mishono mifupi iliyoachiwa nafasi ya kupoa, halafu mshono usawazishwe upande wa mbele mpaka ukucha upite bila kukwama. Hicho ndicho kipimo changu cha uso mzima wa bawa, hasa pale linapokutana na ulimi. Ikibidi kuwe na tofauti ya kimo kati ya viwili hivyo, ulimi ndio uwe juu kwa unene wa karatasi. Bawa likiwa juu ya ulimi, udongo hugonga ukuta huo mdogo, hujikusanya na kusimama.

Umbo la mpindo nalo lina maana kwa shamba jipya. Bawa fupi lililopinda ghafla huupondaponda udongo, jambo jema kwenye shamba lililozoea kulimwa. Bawa refu lenye mpindo wa taratibu huliinua bonge la udongo na nyasi zake likiwa zima, hulilaza kifudifudi, na nyasi hubaki chini bila mwanga. Mtu mwenye nafasi ya kuchagua kati ya plau mbili kuukuu kwa kazi ya kuvunja nyasi achague ile yenye bawa refu, hata kama ina kutu zaidi.

Bamba la ubavu hupuuzwa kwa sababu halionekani likifanya kazi, lakini ndilo huizuia plau isikimbilie upande wa ardhi isiyolimwa udongo unapolisukuma bawa. Kisigino chake hulika na kuwa cha mviringo. Hapo plau huanza kuyumba, na mshika mikono hulazimika kuielemea kwa kiuno siku nzima. Kisigino hurudishwa kwa kuchomelea kipande cha chuma kigumu chini na ubavuni, kisha kukisawazisha. Bamba lote likiwa jembamba ligeuzwe juu chini ikiwa matundu yanaruhusu, au likatwe jipya kutoka chuma bapa cha unene uleule.

Vipimo vinavyoiamua plau

Funga sasa kila kitu mahali pake, kaza nati zote, na uisimamishe plau kwenye sakafu iliyo sawa. Ncha ya ulimi iguse sakafu, na kisigino kiguse sakafu. Kati yao, pale ulimi unapokutana na bamba la ubavu, pawe na uwazi wa milimita 3 hadi 5. Uwazi huu ndio unaoivuta plau kwenda chini. Usipokuwepo, plau huteleza juu ya ardhi ngumu kama jembe lililolala, na mkulima huanza kufunga jiwe kwenye boriti au kumkalisha kijana juu yake, ilhali dawa ingekuwa nyundo ya mhunzi. Ukizidi sana, plau huzama kuliko inavyotakiwa, gurudumu hukandamizwa, na maksai hubeba mzigo usio na faida.

Kisha chukua rula ndefu au mbao iliyonyooka na uiweke ubavuni, kuanzia kisigino hadi ncha ya ulimi. Katikati pawe tena na uwazi wa milimita kama 5. Huu ndio unaoifanya plau ishike upana wake kamili. Mwisho angalia ncha ya nje ya ulimi, ile ya upande wa kulia: iguse sakafu kwa sehemu ndogo bapa, wala isining'inie. Ikining'inia, plau itaegemea kulia na kuacha sakafu ya mfuo, yaani mtaro unaochimbwa na plau, ikiwa na mteremko.

Vipimo hivi vitatu vikikosekana, kitu cha kurekebisha ni ulimi, ama kwa kuurudisha motoni au kwa kuweka washa nyembamba nyuma yake mahali palipopungua. Usijaribu kuvipata kwa kupinda boriti.

Gurudumu, mikono na mnyororo havihitaji maneno mengi. Tundu la gurudumu lililopanuka liwekewe bushi, ambayo yaweza kuwa ya mti mgumu uliolowekwa katika oili kwa siku kadhaa. Mikono ya mbao itokane na mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka, kama mkola au mninga, na kimo chake kimfikie mlimaji kwenye kiuno ili asiiname. Mnyororo usiwe na pete iliyofunguka au kukonda nusu. Rangi ipakwe kwenye boriti, mikono na fremu ya gurudumu. Bawa, ulimi na bamba la ubavu vipakwe oili pekee.

Kuling'arisha bawa kabla ya kazi

Bawa lililotoka kwenye msasa halijawa tayari kwa udongo mzito. Ling'arishwe na udongo wenyewe, na udongo unaofaa ni wa mchanga wenye unyevu, kama ule ambao Wasukuma huuita luseni. Lima mizunguko michache katika kipande cha mchanga kilichokwisha kulimwa, ukisimama mara kwa mara kufuta bawa, hadi uone kioo cha chuma kimeenea kutoka ulimi hadi ncha ya juu. Baada ya hapo ndipo plau ipelekwe kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaonata, ambao hautamsamehe mtu aliyeruka hatua hii. Wakati wa mizunguko hiyo pia utajua kama bolti zimelegea, kwa kuwa vyuma vilivyofungwa upya hukaa sawa baada ya kupata mzigo. Zikaze tena zote ukimaliza.

Shamba jipya

Plau ya maksai haikuumbwa kwa ajili ya kung'oa visiki. Kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi ni hatari zaidi ya mti uliosimama, kwa sababu hakionekani. Chimba kuzunguka kila kisiki, ukate mizizi ya pembeni kwa kina cha angalau sentimita 25, na ung'oe. Pale visiki vilipo vingi mno ni busara kuacha miti michache mikubwa kama ilivyo na kulima ukiizunguka kwa mbali, na kivuli chake kitawafaa watu na ng'ombe wakati wa kazi. Mawe yanayobebeka yakusanywe na kupangwa kwa mstari kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokata mteremko, ambapo yatasaidia kuzuia maji ya mvua.

Nyasi ndefu zifyekwe na ziachwe zinyauke. Kwa ardhi yenye nyasi zilizoshikamana, nashauri plau iongezewe kisu, yaani kipande cha springi kilichonolewa na kufungwa wima kwenye boriti, ncha yake ikiwa juu ya ncha ya ulimi kwa sentimita 2 au 3 na ikisogea kama sentimita moja upande wa ardhi isiyolimwa. Kisu hukata mizizi ya nyasi mbele ya bawa, ukuta wa mfuo hubaki umenyooka, na bonge hugeuka badala ya kuraruka.

Wakati wa kuvunja ni suala ambalo wakulima hubishana nalo sana. Wengi husubiri mvua za kwanza za Novemba au Desemba, kwa sababu ndipo ardhi hulainika. Katika maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, mimi napendelea mwisho wa mvua, Aprili au Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu. Ng'ombe wakati huo wamenona kwa malisho, tofauti na Novemba wanapotoka kwenye kiangazi mbavu zikionekana. Na jua la miezi inayofuata hukausha mizizi ya sangari, gugu la nyasi litambaalo, iliyoinuliwa juu. Sangari ikikatwa vipande na kunyeshewa mara moja, kila kipande huota. Kwa unyevu, chukua udongo wa kina cha ulimi na uufinye kiganjani: ukishikamana kisha ukavunjika kwa kuguswa na kidole, lima, ukitoa utepe unaong'aa, subiri.

Kina cha mara ya kwanza kisizidi sentimita 10 hadi 12. Bonge la udongo hulala vizuri upana wake ukizidi kina kwa karibu nusu au zaidi, na kwa plau ya sentimita 23 maana yake ni kwamba ukipita sentimita 15 bonge litasimama wima au kurudi ndani ya mfuo, nyasi zikitazama juu. Lipo pia suala la nguvu. Ng'ombe anayefanya kazi kwa saa kadhaa huvuta kwa uthabiti karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ukiongeza kina kutoka sentimita 12 hadi 15, umeongeza udongo unaokatwa kwa robo nzima, na maksai ni walewale. Ardhi mpya, hasa ya mbuga, huhitaji jozi mbili, nao wa mbele wawe ndio waliozoea kufuata mstari. Anzeni alfajiri na mwafungue nira jua linapokuwa kali. Bega lililochubuka siku ya kwanza husimamisha kazi kwa wiki nzima, tena ni maumivu ambayo mnyama hakustahili.

Kina na upana hurekebishwa kwenye kirekebishi, wala si kwa mikono. Mnyororo ukipandishwa tundu la juu, plau huzama zaidi, ukishushwa, hupanda. Ukisogezwa kulia, plau huelekeza pua upande wa ardhi isiyolimwa na kukata pana; ukisogezwa kushoto, hukata nyembamba. Mnyororo ukirefushwa plau huzama, na ukifupishwa huinuka, hivyo urefu wa karibu mita 2.5 hadi 3 kutoka kwenye nira ni mwanzo mzuri. Gurudumu lishushwe mwisho, baada ya kina kupatikana, ligusane na ardhi kwa wepesi. Likikwaruza kwa nguvu na kuacha alama nzito, mnyororo umefungwa juu mno. Plau iliyorekebishwa vizuri huweza kuachiwa mikono kwa hatua kadhaa nayo ikaendelea katika mfuo wake. Nashauri jaribio hilo lifanywe kila asubuhi, mahali pasipo na visiki.

Limeni kukata mteremko, kamwe si kuufuata kutoka juu hadi chini, maana mfuo wa kwanza katika ardhi mpya huweza kugeuka korongo kwa mvua moja kubwa. Anayeswaga maksai asiwaharakishe. Plau ikigonga mzizi, wasimamishwe mara moja, plau irudishwe nyuma kwa mikono, na mzizi ukatwe kwa shoka. Kuwachapa wavute kwa nguvu ndiko kunakopinda boriti ambazo tulianza kwa kuzikagua.

Baada ya ekari ya kwanza, ilaze plau ubavu na upime tena uwazi ule chini ya ulimi, kwa kuwa ardhi mpya hula ncha haraka kuliko shamba la kawaida. Ukiona umepungua chini ya milimita 2, ulimi urudi kwa mhunzi kabla ya kuendelea, na ni vyema kuwa na ulimi wa pili uliokwisha tengenezwa ili kazi isisimame. Kila jioni kwangua udongo kwa kipande cha mbao, upanguse bawa na kulipaka oili chafu, hata kama kesho mnarudi shambani: umande wa usiku mmoja hurudisha kutu ambayo mlitumia siku nzima kuiondoa. Mabonge yaachwe yalivyolala hadi nyasi zioze. Lima mara ya pili mvua za msimu unaofuata zikianza, safari hii kwa kina cha sentimita 15 na ukivuka mifuo ya kwanza kwa mshazari ambapo mteremko unaruhusu, kisha ndipo upande. Kunde, choroko au karanga hufaa kwa mwaka wa kwanza kuliko mahindi, kwa sababu nyasi zinazooza hutumia naitrojeni ya udongo, na mazao ya jamii ya kunde hujitafutia naitrojeni yake kutoka hewani.